Kidole Gumba na Tofali Mbili

Sisi wapiga upinde hatupimi umbali kwa hatua. Porini utahesabu hatua vipi, umwombe ngiri asubiri kwanza? Tunapima kwa kidole. Unanyoosha mkono unaoshika upinde, unafumba jicho moja, unainua kidole mbele ya kifua cha mnyama. Kifua kikifichwa sawasawa na kidole chako, hapo ndipo pako, piga. Kikiwa chembamba kuliko kidole, mnyama yuko mbali. Teremsha upinde, sogea, au rudi nyumbani ukale.

Kila mtu ana kidole chake. Mimi changu ni gumba, kwa kuwa napiga karibu, na wamenicheka mpaka wamechoka wenyewe. Mdogo wangu chake ni kile cha mwisho, chembamba, kwa sababu ana mkono mzuri na mshale wake unafika mbali. Lakini kidole hakichaguliwi kwa kujisifu. Nyuma ya nyumba yetu kuna uchochoro mrefu, upande mmoja stoo ya mbao, mwisho wake ukuta wa matofali niliojenga mwenyewe, maana mimi ni fundi mwashi. Kwenye ukuta ule kumeegemezwa mfuko wa turubai uliojazwa maranda, ukubwa wa kifua cha ngiri. Unakuja asubuhi mwili ungali baridi, hujanywa hata chai, unapiga mshale mmoja. Huo ndio unaohesabiwa. Ya pili na ya tatu ni ya kujifurahisha, kwani ngiri hakupi nafasi ya kupasha mkono. Ukiukosa mfuko, kigingi chako, kile kinachoonyesha pa kusimama, kinasogezwa mbele. Ukipata asubuhi nyingi mfululizo, kinarudi nyuma kidogo. Kinapotulia, unasimama pale na kujaribu vidole vyako mpaka upate kinachoufunika mfuko. Hicho ndicho utakachokwenda nacho porini.

Hayo yote nayaeleza ili ujue kwa nini nilimkasirikia mdogo wangu kiasi kile.

Siku ya msako, ngiri walikuwa wameshaharibu mahindi ya watu wa bondeni, na ruhusa ya kuwawinda tulikuwa nayo. Mume wangu hapigi upinde. Anashona makochi, watu wanamwita Kochi, na anasema mikono yake imezoea vitu visivyokimbia. Kazi yake kwenye misako ni kupiga debe ndani ya shamba ili ngiri watoke upande wa wapigaji. Mdogo wangu alisimama pembeni mwa shamba. Mimi nilikuwa upande wa pili. Nikaona ngiri dume katoka, mkia juu, akasimama kutazama. Nikaona mdogo wangu ananyoosha mkono, anapima, anavuta, anaachia.

Mshale ulishuka. Uliingia chini, ukapasua mguu wa mbele na kukwama kwenye ngozi ya tumbo. Ngiri akapiga kelele ambayo mpaka leo inanisisimua, akageuka, akarudi alikotoka, na alikotoka ndiko alikokuwa mume wangu na debe lake.

Tulipomfikia Kochi alikuwa amekaa chini, ameshika paja kwa mikono miwili, na damu inapita katikati ya vidole. Pembe ilikuwa imemfungua kutoka karibu na goti kwenda juu. Alikuwa ananiangalia mimi, anasema, "Si kitu, mama watoto, si kitu," na midomo yake imekuwa myeupe. Tulimfunga kwa kanga yangu, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akapelekwa zahanati.

Nikamgeukia mdogo wangu pale pale mbele ya kikosi kizima, nikampa vidonge vyake.

"Ulitaka sifa! Ngiri yuko kule maili na maili, wewe unapiga tu ili waseme una mkono!"

"Dada, nilipima. Kifua kilijaa kwenye kidole."

"Kidole chako kikatwe! Kama kilijaa, mshale ungeshuka vipi? Usikanyage tena mlangoni kwangu. Umesikia? Mguu wako usivuke kizingiti changu."

Alishusha upinde. Msimamizi, mkuu wetu, ambaye zamani alikuwa msimamizi wa kiwanda cha matofali na jina likamganda, alimnyang'anya upinde. Jioni ile akaenda uchochoroni, akang'oa kigingi cha mdogo wangu na kukitupa juu ya paa la stoo. Kwetu hiyo ni aibu kubwa kuliko kupigwa. Nilisimama nikatazama, na niseme ukweli, niliona inamtosha.

Kochi aliletwa nyumbani akiwa na nyuzi nyingi pajani. Nilimlaza chumba cha mbele karibu na cherehani, kwa kuwa alikataa kukaa mbali nayo. Kila nilipombadilishia bandeji aliinua kichwa kukagua.

"Nimeshonwa na mtu asiyejua kushona," akasema. "Ona mishono hii, mrefu, mfupi, mrefu. Ningemletea mteja kochi la namna hii angenitapikia."

"Nyamaza, utafungua."

"Na shemeji mwache. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya haishiki upinde," nikamwambia, na yeye akageukia ukutani.

Homa ilikuwa inakuja na kuondoka. Usiku sikulala, na kila alipoguna nilimlaani mdogo wangu upya. Mdogo wangu huyo nimembeba mgongoni. Mama yetu alipokufa mimi ndiye niliyemlisha. Lakini hasira yangu inaijua kila mtu mtaani, ikipanda haiulizi nani.

Siku chache baadaye muuza maziwa alikuja mbio, baiskeli kaiacha huko. Alikuwa amekatiza kiwanda cha zamani cha matofali, njia ambayo nusu ya mtaa inapita kwenda sokoni, na ngiri akamtokea kwenye tanuri bovu. Ana kipande cha mshale tumboni, akasema, na anachechemea, lakini kuchechemea kwenyewe nusura kumtoe roho.

Msimamizi alifika mlangoni kwetu kabla muuza maziwa hajamaliza maji aliyopewa.

"Nyumba iliyojeruhi ndiyo inayomaliza," akasema. "Unajua."

Najua sana. Ndio utaratibu wetu. Aliyejeruhi haruhusiwi kupiga, maana kigingi hana. Anatangulia mikono mitupu kusoma nyayo, kwa kuwa ndiye anayejua alipompiga. Nyuma yake anakuja mtu wa damu yake na upinde. Mtu wa damu yake mwenye kigingi nilikuwa mimi peke yangu.

"Ukikosa na wewe," Msimamizi akaongeza polepole, "upinde utakuwa umetoka kwenye familia yenu. Yeye hatarudishiwa chake, na wewe utaweka chini chako."

Kochi alikuwa amejiinua kwa viwiko kitandani. "Mke wangu, usiende na hasira," akasema. "Unakuwa huoni."

Nikachukua podo langu nikatoka.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri barabarani, hakusogea karibu na nyumba hata kidogo. Amekonda. Alisema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia kwa pua. Akatangulia, mikono mitupu, nami nikafuata, na njia nzima nilikuwa natazama kisogo chake na kuhesabu makosa yake.

Kiwanda kile kimekufa miaka mingi. Yamebaki mashimo ya udongo, matete yaliyoota ndani yake, na tanuri moja refu la kuchomea matofali, paa limeanguka, midomo yake ya kutilia kuni iko wazi kama milango isiyo na mbao. Matofali ya uchochoro wetu yalitoka hapo hapo. Naujua ukubwa wake hata nikiwa nimefumba macho, nimeyashika maelfu.

Mdogo wangu alichuchumaa, akanionyesha. Alama tatu za kwato zimezama sawasawa, ya nne imeburutwa. Tone la damu jeusi, na usaha. Nikaponda kipande cha tofali, nikauachia unga wake hewani. Ulielea kutujia usoni. Upepo ulikuwa mzuri.

"Yuko ndani," akaninong'oneza. "Ngiri huingia kinyumenyume. Uso wake uko mlangoni, anatutazama sasa hivi, au anatusikiliza."

"Mdomo upi?"

"Sijui."

Midomo ya tanuri ilikuwa mingi upande ule. Ngiri mzima atakukimbia. Ngiri aliyekaa siku kadhaa na chuma tumboni, ambaye kila pumzi inamuuma, huyo hakukimbii. Tulilala nyuma ya rundo la matofali mabovu tukangoja. Jua lilipanda. Nzi walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mdomo mmoja, wa pili kutoka mwisho, kuliko mingine. Tuliwaona sote wawili kwa wakati mmoja, tukatazamana, kisha nikakumbuka kwamba sisemi naye.

Alitoka taratibu. Kwanza pembe, kisha kile kichwa kipana chenye chunusi, kisha mwili. Alisimama ubavu kwetu, mbele ya ukuta wa tanuri, akapiga magoti kwa mguu mmoja mzima ili kula majani, akashindwa, akainuka akitetemeka. Kipande cha mshale kilikuwa kimening'inia. Nilimwonea huruma, sikutarajia.

Nikanyoosha mkono. Nikainua gumba mbele ya kifua, nyuma ya bega. Likakifunika sawasawa, halikuzidi wala halikupungua. Hapo ndipo pangu. Nikaweka mshale kwenye ugwe, nikavuta mpaka vidole vikagusa shavu, nikapumua nje.

Nikaona matofali.

Sijui kwa nini niliyaona. Labda kwa kuwa ndiyo kazi yangu, jicho langu likikosa la kufanya linahesabu matofali. Kifua cha ngiri kilikuwa kimefunika tofali mbili kamili za ukuta alioupa ubavu, kutoka kiungo cha udongo mpaka kiungo cha udongo. Mbili kamili. Na mfuko wa uchochoroni, ambao nimeukodolea macho kila asubuhi tangu mvua ziishe, haufuniki tofali mbili. Kila upande unabakiza kipande chekundu cha tofali. Nilikuwa nakiona kila siku kile kipande! Nilikuwa nakiona na kupiga mshale na kwenda kunywa chai.

Mfuko wa zamani, ule uliooza, ulikuwa unafika kwenye viungo. Nakumbuka, kwa sababu niliwahi kutania kwamba nimemjengea ngiri kwa vipimo.

Ugwe ungali shavuni, nikapiga hesabu. Kitu kikubwa kikionekana sawa na kitu kidogo, kile kikubwa kiko mbali zaidi, hilo hata mtoto analijua. Gumba langu lilifundishwa upya na mfuko huu mdogo. Kwa hiyo gumba langu linanidanganya. Ngiri huyu hayuko karibu kama ninavyoambiwa na kidole, yuko nyuma ya pale, na mshale wangu utashuka. Utashuka kama ulivyoshuka wa mdogo wangu. Na wiki moja kabla yake Msimamizi mwenyewe alipiga chini ya tumbo, akasingizia upepo, kana kwamba kuna upepo unaovuma kwenda chini, na sote tukaitikia kwa heshima.

Nilirudisha ugwe polepole. Mdogo wangu aligeuka kunitazama, macho yamemtoka pima.

"Mbona hupigi?"

"Ulipima," nikamnong'oneza. "Toba, mdogo wangu. Ulipima kweli."

Hakuelewa, na nafasi ya kueleza haikuwepo. Nikamwambia neno moja tu, "Yuko mbali," kisha nikaanza kutambaa kutoka nyuma ya rundo. Mbele yetu palikuwa uwanja mtupu, vumbi na vigae, hakuna hata kichaka cha kuficha kuku. Nilivuta goti la kwanza, la pili. Kigae kikavunjika chini ya goti la tatu.

Ngiri aliinua kichwa, akageuka. Sasa alikuwa ananitazama mimi, uso kwa uso, na kutoka mbele ngiri hana mahali pa kupigwa, ni fupa na pembe tupu. Akashusha kichwa. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye uwanja wa wazi na mshale mmoja mkononi, na nikamfikiria Kochi kitandani, nani atambadilishia bandeji.

Ndipo mdogo wangu akasimama.

Alisimama wima, mikono mitupu, akaanza kutembea kwenda kulia, taratibu, akipiga makofi mepesi. "Huyo," anamwambia ngiri, kwa sauti ya kubembeleza kabisa. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuumiza. Nitazame mimi." Alikuwa anatembea kwenda mahali ambapo ngiri, ili amfuate kwa macho, ilibidi ageuke anipe ubavu.

Na akageuka.

Nikanyoosha mkono. Kifua kilizidi gumba, lakini kwa unywele. Kilizidi kiasi gani ndipo iwe sawa? Sikuwa na kigingi, sikuwa na asubuhi za kujaribu. Nilikuwa na matofali tu. Kipande kile chekundu, kwa kila upande, karibu upana wa vidole viwili. Kifua lazima kitokeze pande zote mbili za gumba, kitokeze cha kuonekana. Bado.

Ngiri alianza kukwaruza ardhi. Mdogo wangu alikuwa amefika karibu na shimo la udongo, nyuma yake hana pa kwenda.

"Dada," akasema, bila kuacha kumtazama ngiri. "Dada, sasa."

Kila kitu ndani yangu kilisema piga. Mikono ilitaka kupiga, meno yalitaka kupiga. Nami nikainuka, nikatembea. Nilitembea kwenda kwa ngiri, mguu, mguu mwingine, upinde mbele, na nilikuwa nalia, sioni aibu kusema, machozi yalikuwa yananishuka kwa hofu na kwa hasira ya nafsi yangu. Nilimwacha ndugu yangu mbele ya pembe ili nisogee. Kama ngiri angechomoka wakati ule, ningekuwa nimemuua kwa miguu yangu mwenyewe.

"Dada!"

Kifua kikatokeza kushoto kwa gumba. Mguu mwingine. Kikatokeza kulia. Kilionekana kikubwa mno, kikubwa kuliko nilivyowahi kukiona porini, kila unywele, kila donge la tope. Nilihisi ningeweza kumgusa. Nikavuta, nikaachia.

Mshale uliingia nyuma ya bega na kuzama mpaka manyoya. Ngiri aliruka mbele, akakimbia kuelekea kwa mdogo wangu, mruko mmoja, miwili, na mdogo wangu akajitupa ubavuni, na ngiri akapita, akaporomoka ndani ya shimo la udongo kwenye matete. Yakatikisika. Yakatikisika tena kidogo. Yakatulia.

Nilikaa chini vumbini. Mdogo wangu alikuja akakaa karibu yangu, si karibu sana. Viwiko vyake vilikuwa vinavuja damu. Nikamweleza kuhusu matofali na mfuko, maneno yakitoka vipande vipande. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi. Nilidhani atasema, "Si nilikwambia?" na ningestahili.

Badala yake akauliza, "Mfuko mpya alishona nani?"

Nikakumbuka cherehani.

"Shemeji," akajijibu mwenyewe. "Dada, usimwambie."

"Wazimu umekuingia?"

"Ana homa. Ana mguu vile. Utamwendea umwambie amejiumiza mwenyewe? Sema nilipiga mbali. Wameshaamini. Mimi nitazoea."

"Utazoea!" Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, mikono ikabaki katikati. "Na kesho asubuhi watu watasimama uchochoroni kupima kwa mfuko ule ule?"

Akapangusa viwiko, akainuka. Tulirudi, na nyumbani kulinitisha kuliko tanuri.

Msimamizi alikuwa amekaa barazani kwetu. Nilimwambia ngiri yuko shimoni, tuma watu. Aliinuka, akanitazama machozi yaliyokauka kwenye vumbi. Mdogo wangu alisimama nje ya mlango, mbele kabisa ya kizingiti, vidole vya miguu havikivuki. Mimi nilizunguka uchochoroni, nikauinua mfuko begani, nikauingiza chumba cha mbele na kuuweka sakafuni karibu na kitanda.

Kochi alinichunguza mwili mzima kwanza. "Umerudi," akasema. "Umerudi mzima." Kisha akaona mfuko. "Huo wa nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya mzunguko, ya kumtayarisha mgonjwa. Yote yalinikimbia.

"Ulipotengeneza huu, ulikata vipi?"

"Niliulaza ule wa zamani kwenye kadibodi, nikachora kuuzunguka. Kadibodi ipo nyuma ya cherehani. Kwa nini?"

Niliileta. Nikaulaza mfuko juu yake. Kadibodi ikabaki inaonekana pande zote, utepe mzima, kama shuka la kitanda kikubwa lililowekewa godoro la mtoto.

Kochi alinyoosha mkono akiwa amelala. Hakutazama hata, alipitisha gumba lake kwenye mshono, taratibu, kutoka pembe moja hadi ya pili, na nikaona gumba linasimama.

"Nilikata juu ya mstari," akasema. "Sikuacha nafasi ya mshono. Na maranda yakiujaza unavimba tumbo, unavuta mbavu ndani, unapungua tena." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi. Kesho yake nilikuwa na makochi ya watu, nikaharakisha. Nikasema ni mfuko wa kupigwa mishale tu."

Nikamwona anafika. Nilimwona kwa macho yangu, wazo linamtoka kwenye mfuko, linakwenda shambani, linarudi na kumpata pajani. Akashika bandeji.

"Kumbe shemeji alipima," akasema.

"Alipima."

"Na mimi ndiye..." Aliziba macho kwa kiganja, na mabega yakatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu aumie nilimsikia analia, yeye aliyeshonwa bila kutoa sauti. Nikamshika kichwa. Nilitaka kumfokea kidogo, kwa mazoea tu, lakini hasira nilipoitafuta sikuipata mahali.

Akajipangusa. "Nipe mkasi."

"Lala wewe."

"Nilale vipi na watu wanakuja asubuhi? Nipe mkasi na chaki. Na mwambie Msimamizi ang'oe vigingi vyote, mpaka mfuko mwingine uwe tayari mtu asipime." Kisha akanitazama vizuri. "Shemeji yuko wapi?"

"Nje."

"Mbona haingii?"

Alikuwa anajua mbona haingii. Msimamizi alikuwa mlangoni, amesikia yote, anatazama paa la stoo kule alikokitupa kigingi kana kwamba anawaza ngazi itatoka wapi. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa, vile vidole vyake bado viko nyuma ya kizingiti.

Nilimwendea. Nilitaka kusema nisamehe, na ulimi, ambao kwa matusi haujawahi kuniangusha, ukakauka. Basi nikamshika mkono wa kushoto, ule wa kupimia, nikakikamata kidole chake cha mwisho ndani ya ngumi yangu yote, kama nilivyokuwa namshika tukivuka barabara alipokuwa mdogo, nikamvuta ndani kwa nguvu mpaka akajikwaa.

Viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo wa tanuri. Alikanyaga nao sakafu yote niliyoipiga deki asubuhi, mpaka kitandani kwa shemeji yake, na mimi sikusema neno.